Bata waliokuja Toronto kuota jua

Januari iliyopita nilimtumia shangazi yangu aliyeko Mwanza video ya sekunde ishirini. Bata wanane wanaelea kwenye maji meusi, pembeni yao vipande vya barafu vimebebana kama vigae vya nyumba iliyobomolewa, na theluji inaanguka kiasi cha kuficha ng'ambo ya bandari. Hazikupita dakika mbili akanipigia, hata shikamoo yangu hakuisubiri.

"Mwanangu, hao bata ni wa nani?"

"Hawana mwenyewe, shangazi. Ni ndege wa porini."

"Sasa si watakufa hao? Mbona wasiruke waende kwenye joto?"

Swali hilo nililiuliza hata mimi majira yangu ya kwanza ya baridi hapa Toronto, na jibu lake lilinichukua muda kulielewa. Hao bata wamesharuka. Wamesafiri wiki nzima, wengine zaidi, na wamefika walikokuwa wanakwenda. Huku kwetu, penye nyuzi 10 chini ya sifuri, ndiko kwenye joto.

Mahali nilipochukulia video panaitwa Colonel Samuel Smith Park, magharibi mwa jiji, ufukweni mwa Ziwa Ontario. Ukishuka kwenye basi linalotoka stesheni ya Kipling unatembea kidogo tu, unapita majengo ya chuo, na ghafla jiji linaisha. Kuna bandari ndogo ya mashua ambayo kila baridi ikikaza huganda, na nje yake ziwa lenyewe, ambalo ni nadra kuganda. Mpaka kati ya hivyo viwili ndio kitu cha kutazama. Mgeni hutazama barafu, akaona hakuna kitu, akarudi nyumbani kuwasha hita. Mzoefu hutafuta pale barafu inapoishia.

Bata niliowapiga picha ni wale wa mkia mrefu. Dume ana manyoya mawili membamba yanayochomoza nyuma kama antena, mwili umegawanyika rangi nyeupe, nyeusi na kahawia, na ana sauti ambayo hakuna bata wa kufugwa aliyewahi kuitoa: "au, au, auliii", inayosikika kutoka mbali juu ya maji asubuhi isiyo na upepo. Wanazaana kwenye tundra, ile nchi tambarare isiyo na miti inayozunguka ncha ya kaskazini ya dunia. Huko vidimbwi wanamolelea vifaranga vinaganda mpaka chini, na maeneo ya juu kabisa yanakaa wiki nyingi bila kuliona jua. Kwa ndege wa kule, Toronto ni kusini. Ni kama Mombasa kwa mtalii wa Kijerumani.

Kumbe basi swali la kuuliza ni kwa nini ziwa liko wazi, maana hilo ndilo lililowaleta. Hapa inabidi tuingie kwenye maji yenyewe.

Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Victoria tuna kasumba ya kudhani kwamba maziwa ya wengine ni madimbwi. Kwa upana tuko sahihi: Ziwa Ontario lina kilomita za mraba kama 19,000, halifiki hata theluthi ya letu. Lakini kwa kina tunyamaze. Mahali pa kina kirefu kuliko pote Victoria ni mita 80 na kitu. Ontario wastani tu ni mita 86, na shimo lake la chini kabisa linafika 244. Kina hicho ndicho kinachowaokoa bata.

Maji yakipoa husinyaa na kuwa mazito, kama vitu vingine vingi. Ila yakifika nyuzi 4 yanageuza tabia: yakizidi kupoa yanaanza kutanuka na kuwa mepesi. Sasa fikiria ziwa mwezi wa kumi na moja. Upepo wa baridi unapoza maji ya juu, yanakuwa mazito, yanazama. Ya chini yenye joto yanapanda kuchukua nafasi, nayo yanapozwa, nayo yanazama. Mzunguko huo hauna ruhusa ya kusimama mpaka ziwa lote, juu mpaka chini, likaribie nyuzi 4. Hapo ndipo maji ya juu yanapoweza kupoa zaidi bila kuzama, yakae palepale juu, yafike sifuri, yagande. Kidimbwi cha mtaani kinamaliza kazi hiyo kwa siku chache. Ziwa Erie, jirani yetu lenye wastani wa mita 19 tu, linaimaliza katika wiki kadhaa, na miaka ya baridi kali hufunikwa karibu lote. Ontario lina joto la kiangazi kizima limelala humo ndani, na mara nyingi majira ya baridi yanakwisha kabla halijamaliza kulitoa. Kinachoganda ni ghuba, bandari na maji ya kina kifupi.

Tabia hiyo hiyo ya maji inafanya barafu ielee. Ingekuwa inazama, maziwa ya huku yangeganda kuanzia chini, na samaki wangebanwa mpaka wafe. Badala yake inakaa juu kama kifuniko cha sufuria, chini yake maisha yanaendelea taratibu.

Kifuniko hicho nacho kina sauti. Siku jua likitoka baada ya usiku mkali, barafu ya bandarini inatanuka na kupasuka, na ufa unapiga mlio ambao sikuutarajia kwa kitu cha asili: "piuuu!", kama bunduki za sinema za anga. Sababu yake ni kwamba katika bamba la barafu sauti nyembamba husafiri haraka kuliko nzito, kwa hiyo mpasuko mmoja unakufikia umenyumbuka, wembamba kwanza, uzito baadaye. Mara ya kwanza niliruka nyuma hatua tatu nikiwa nimesimama nchi kavu.

Turudi kwa ndege. Barafu ikishaziba kingo, inawapanga bata bila wao kutaka. Bata wa kawaida wenye kichwa cha kijani hula kwa kuinamisha kichwa majini mkia ukiwa juu, kwa hiyo wanahitaji maji ambayo shingo inafika chini. Maji hayo ndiyo yanayoganda mwanzo. Ndiyo maana utawakuta wamebanana kwenye midomo ya vijito na chini ya mabomba ya maji ya mvua, mahali penye mkondo. Ukiona kundi kubwa mahali padogo, jua kuna maji yanayotembea. Wazamiaji hawabanwi hivyo. Bata jicho-dhahabu na yule mdogo mwenye kichwa kikubwa cheupe kwa nyuma huzama mita chache pembezoni mwa barafu. Kuna jamii ya wala samaki, mdomo mwembamba wenye meno kama msumeno. Nje zaidi, kwenye mawimbi, ndiko aliko bata mkia-mrefu, ambaye chini ya maji hupiga mbawa kama anaruka, na amewahi kunaswa kwenye nyavu za wavuvi wa maziwa haya kwenye kina cha mita 60. Ukiujua mpangilio huu, ukitazama barafu imefika wapi unaweza kukisia utamkuta nani kabla hujainua darubini.

Shangazi hakuniachia hapo. "Sawa, maji yapo. Na miguu? Ile miguu haina hata manyoya."

Miguu ndiyo iliyonivutia kusoma mambo haya. Bata anaposimama juu ya barafu, damu ya moto inashuka mguuni kwa ateri, na damu iliyopoa inapanda kwa vena, na mishipa hiyo imelazwa sambamba, imegusana. Chukua ngazi nyembamba ya ghorofa: wanaoshuka wamebeba vikombe vya chai ya moto, wanaopanda mikono mitupu wanatetemeka. Kila wanapopishana, anayeshuka anamkabidhi anayepanda kikombe. Anayefika chini hana tena chai ya kumwagia barafu, na anayefika juu anaingia ndani akiwa na joto. Unyayo wa bata unabaki juu kidogo tu ya kuganda, huku kifua chake kikiwa na nyuzi 40 na ushei. Na huo unyayo hauumii sana kwa sababu hauna vya kuumia: misuli iko juu, ndani ya manyoya, inavuta vidole kwa kano kama mtu anayeongoza kikaragosi kwa nyuzi. Mbona haunati kwenye barafu, kama ulimi wa mtoto unavyonata kwenye chuma cha baridi? Ulimi una maji, na chuma kinanyonya joto lake haraka mpaka maji hayo yanaganda hapo hapo. Mguu wa bata ni mkavu na umeshapoa, hauna cha kugandishwa.

Juu ya miguu kuna koti. Nje ni manyoya yaliyofumana, kila uzi una vijikulabu vya kumshika mwenzake, na mdomo hupita hapo mara kwa mara kupanga na kupaka mafuta kutoka kwenye tezi iliyo juu ya mkia. Maji hayapenyi. Ndani kuna manyoya malaini mithili ya sufi, nayo yanashika hewa, na hewa ndiyo inayozuia joto kutoka. Ndiyo maana ndege wa baridi anaonekana mnene, ni hewa aliyojivisha. Ndiyo maana pia bata wote wanaopumzika wanatazama upande mmoja: upepo ukitoka nyuma ungewafunua manyoya. Sitazami tena programu ya hali ya hewa nikiwa ufukweni, nawatazama bata wameelekea wapi.

Kwa hiyo baridi peke yake si shida kubwa kwao. Shida ni kuilipia. Koti hilo ni zuri lakini jiko lililo ndani lazima lichochewe, na siku fupi kuliko zote, Desemba, jua la Toronto linachomoza zikibaki kama dakika kumi kufika saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja jioni limekwenda. Ndege anayetafuta chakula kwa macho ana chini ya saa tisa za kulipia usiku wa saa kumi na tano. Kwenye vichaka nyuma ya ufukwe yuko chikadii, ndege wa gramu kama 11 mwenye kofia nyeusi, ambaye hesabu hiyo anaifanya kila siku. Mchana anakula mpaka anenepe, usiku anaunguza mafuta yote hayo, na ili yasiishe mapema anashusha joto la mwili wake nyuzi kama 10. Vuli nzima amekuwa akificha mbegu, moja moja, chini ya magamba ya miti, na anakumbuka alikoziweka. Mimi funguo za nyumba tu.

Hesabu ikikataa, matokeo yake yanaonekana. Majira ya baridi ya 2013 hadi 2014 yalikuwa makali kiasi kwamba Machi 2014 zaidi ya asilimia 90 ya uso wa Maziwa Makuu ya huku ilikuwa barafu. Bata wazamiaji walisukumwa kwenye sehemu chache zilizobaki wazi, ukiwamo Mto Niagara, na wakafa kwa wingi. Waliochunguzwa walikuwa wamekonda, matumbo matupu. Manyoya yao yalikuwa mazima. Jiko ndilo lililozimika.

Kuna jambo la kukanganya hapa, kwamba chakula chenyewe wanachokitegemea siku hizi kwa sehemu ni cha kigeni. Miaka ya 1980 meli kutoka Ulaya zilimwaga kwenye maziwa haya maji zinayobeba tumboni ili zisiyumbe, na ndani yake walikuwamo kome wadogo wenye milia. Waligunduliwa 1988 kwenye Ziwa St. Clair, na kabla watu hawajajua la kufanya walikuwa wametanda chini ya maziwa na ndani ya mabomba ya maji. Wameharibu mengi. Lakini bata kadhaa wazamiaji waligundua meza imeandaliwa, wakaanza kukaa. Sisi wa Mwanza hadithi ya mgeni wa majini tunaijua, tunayo ya sangara: anamaliza samaki wa asili huku akijenga viwanda na nyumba za watu. Nami hapa sina jibu jepesi. Kome hao hao wanakusanya sumu kutoka majini na kuwapitishia ndege.

Sasa bundi.

Siku moja ya Februari nilimwona kwenye Leslie Street Spit, lile rasi la bandia la kilomita kama tano linaloingia ziwani upande wa mashariki. Lilijengwa kwa vifusi, saruji na matofali ya majumba yaliyovunjwa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni makazi ya ndege. Kiangazi mnandi wanataga huko kwa maelfu mengi, miti imekauka kwa kinyesi chao. Majira ya baridi mnandi wanaondoka, na juu ya zege lililochomoza nondo alikuwa amekaa kitu nilichodhani ni mfuko wa plastiki. Kikageuza kichwa. Macho ya manjano.

Nilimtumia shangazi picha. Jibu lilikuja haraka: "Futa hiyo." Kwetu bundi hatui juu ya paa la mtu kwa heri, na bundi mweupe mzima kama mzuka ndiyo zaidi. Nilimweleza kwamba huyu hata si wa majumbani, ni wa tundra, ndiyo maana anachagua viwanja vya ndege, mashamba na fukwe: vimekaa tambarare kama kwao. Hakushawishika.

Hata wazungu wana uchuro wao juu yake. Kwa muda mrefu walisema akionekana kwa wingi kusini basi kaskazini kuna njaa, na anayekuja anakuja kufa. Majira yale yale ya 2013 hadi 2014 walishuka bundi wengi kuliko ilivyoonekana kwa miongo kadhaa, na watafiti wa mradi uitwao Project SNOWstorm wakawafunga baadhi yao vifaa vidogo vya kufuatilia mienendo. Wengi walikuwa na afya. Kilichowaleta ni shibe: panya wa tundra waitwao lemingi walikuwa wamejaa kiangazi kilichotangulia, vifaranga wengi wakanusurika, na vijana hao wakatawanyika kutafuta pao. Vifaa vikaonyesha la ziada. Baadhi ya bundi walikaa siku nyingi katikati ya barafu ya maziwa, mbali na nchi kavu, wakiwinda usiku ndege wa majini waliojikusanya kwenye nyufa. Ufa ule ule unaomlisha bata ndio unaomlisha bundi.

Kwa hiyo ukimkuta mchana amekaa tu, macho nusu, usidhani anakusubiri umpige picha. Anapumzika kutoka zamu. Kuna wapiga picha wanaomsogelea mpaka aruke, na wengine humrushia panya wa dukani ili aje kwa kishindo mbele ya lenzi. Sipendi kabisa. Kila anaporuka bila sababu anatumia mafuta ambayo hakupanga kuyatumia, na bundi anayezoea kufuata watu mwishowe anafuata na magari.

Kama uko huku na unataka kujaribu, hitaji la kwanza ni miguu yako, ambayo haina ile ngazi ya chai. Soksi mbili za sufu kwenye buti lenye nafasi. Buti likibana, damu haipiti. Wavuvi wa barafu husimama juu ya kipande cha mbao au boksi, nami nimewaiga, tofauti unaisikia baada ya nusu saa. Upepo uheshimu: nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa, usoni ni kama nyuzi 20 chini. Darubini usiipumulie. Betri ya simu iweke mfuko wa ndani, la sivyo itazima ukiwa na asilimia 60. Chai iwe ya tangawizi na iwe nyingi.

Na barafu usiikanyage. Watu wa usalama hutaka unene wa sentimita 10 mpaka 15 wa barafu safi kwa mtu mmoja kutembea, na barafu nyeupe yenye theluji ndani yake ni dhaifu mno kuliko ile ya kioo. Pembeni mwa midomo ya vijito, yaani palepale bata wanapokuvutia, ndipo inapokuwa nyembamba zaidi. Kila unachotaka kukiona kinaonekana kutoka ukingoni.

Huwa namwambia shangazi kwamba hata yeye anapokea wageni wa namna hii, ila hawatangazi walikotoka. Mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya za umeme kuanzia mwezi wa kumi, wengi wao wametoka Ulaya na Asia. Na kuna ndege mdogo wa ardhini, kiuno cheupe, uzito wa gramu kama 25, anayezaliwa Alaska na kuja kukaa Afrika Mashariki kupitia Siberia yote. Walipofungwa vifaa vya kupimia safari, ilionekana mmoja huenda kilomita kama 14,500 kwa njia moja. Mbele yake bata wangu wa Toronto wamepanda daladala tu.

Mwishoni mwa Aprili nilirudi pale bandarini. Barafu ilikuwa imekwisha, mashua zimeanza kushushwa majini, vijana wamevaa kaptula. Nikahesabu bata mkia-mrefu watatu, mbali kabisa, nyuma yao mnandi wa kwanza waliorudi. Shangazi akauliza wengine wako wapi.

"Wamerudi kwao, shangazi. Joto la huku limewazidi."

Siku hiyo ilikuwa nyuzi 12. Mimi koti sikulivua.